Waasi Waliompenda Mfalme

Mwaka 1770 watu wa New York walisimamisha sanamu ya Mfalme George III katika uwanja wa Bowling Green, kusini kabisa mwa kisiwa cha Manhattan. Mfalme alikuwa juu ya farasi, amevishwa kama kaisari wa Roma, mwili wote ni madini ya risasi yaliyopakwa dhahabu. Hakuna aliyewalazimisha. Baraza la koloni lenyewe ndilo lililoiagiza kutoka London, kwa shukrani. Miaka sita baadaye, jioni ya tarehe 9 Julai 1776, watu wa mji uleule, pamoja na askari waliotoka kusomewa Azimio la Uhuru la makoloni ya Amerika, la kujitenga na Uingereza, waliifunga kamba wakaiangusha. Vipande vyake vingi vilipelekwa Litchfield, Connecticut, vikayeyushwa. Kiswahili kinasema vizuri kilichotokea: mfalme wa risasi akageuzwa risasi, 42,088 kwa hesabu iliyoandikwa wakati ule, za kuwapigia askari wake mwenyewe.

Ilikuwaje watu walewale wakageuka hivyo? Jibu tulilozoea kusikia ni fupi: mfalme aliwatoza kodi, wakamchukia, wakaasi. Jibu hilo linaruka jambo lenyewe. Katika ugomvi wa kodi uliodumu tangu 1765 hadi 1775, hati kwa hati zilizotoka kwenye makoloni yale zilimwapia mfalme utii, na wengi wa walioziandika hawakuwa wanafiki. Walimpenda. Anayetaka kuyaelewa mapinduzi yale hana budi kuanzia kwenye mapenzi hayo, kisha aulize yalivunjwa na nini.

Kabla ya hapo niweke sawa neno moja, maana linaweza kutupoteza. Sisi tukisema "mkoloni" tunamwona Mzungu aliyekuja kutawala wenyeji. Watu wa makoloni 13 ya Amerika Kaskazini walikuwa walowezi: Waingereza, Waskoti, Waayalandi na Wajerumani, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukohuko, waliokaa juu ya ardhi ya wenyeji na, hasa kusini, wakila jasho la Waafrika waliowafanya watumwa. Walitawaliwa na London, na papo hapo walitawala wengine. Nitarudi kwa hao wengine, kwa sababu habari ya utii haiko kamili bila wao.

George III alirithi taji Oktoba 1760, kijana wa miaka 22, na makoloni yakamshangilia. Ramani yenyewe ya nchi ilikuwa orodha ya wafalme: Virginia kwa heshima ya Elizabeth I, Malkia Bikira, Carolina kwa Charles, Georgia kwa babu yake George mwenyewe, George II. Tarehe 4 Juni, siku ya kuzaliwa mfalme, mizinga ilipigwa na watu wakanywa kwa afya yake. Boston, kila tarehe 5 Novemba, vijana waliburuta mitaani sanamu ya Papa na kuichoma, kukumbuka njama ya Wakatoliki ya 1605 ya kumlipua mfalme na Bunge lake. Hapo kuna jambo la kushika. Ufaransa ya Kikatoliki ilikuwa imewazunguka, kutoka Kanada hadi Mississippi, na mfalme Mprotestanti ndiye aliyekuwa ukuta wao. Utii wao ulikuwa na dini ndani yake, na hofu pia.

Hata Benjamin Franklin, ambaye leo uso wake uko kwenye noti ya dola 100, mwaka 1764 alivuka bahari kwenda London na ombi la kustaajabisha: Pennsylvania iondolewe mikononi mwa ukoo wa Penn uliokuwa ukiimiliki, iwekwe moja kwa moja chini ya mfalme. Alitaka mfalme awe karibu zaidi.

Tatizo lilikuja na ushindi. Vita ya Miaka Saba iliisha 1763, Ufaransa ikafukuzwa Kanada, na Uingereza ikabaki na deni la karibu pauni milioni 130. Bunge la London likaona walowezi nao wachangie, likapitisha Sheria ya Stempu mwaka 1765: magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata za kuchezea, vyote vilipiwe. Ghasia zikalipuka. Huko Boston umati uliibomoa nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana, mzaliwa wa mji huohuo. Machi 1766 sheria ikafutwa, na hapo ndipo New York walipoagiza ile sanamu ya dhahabu. Tazama vizuri: kodi iliwekwa na Bunge, ikafutwa na Bunge, lakini wa kujengewa farasi ni mfalme. Vichwani mwao Bunge lilikuwa mtu wa kati mwenye tamaa, na mfalme alikuwa baba aliyesikia kilio cha wanawe.

Siku ileile ya kufuta stempu, Bunge lilipitisha sheria nyingine ikisema lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Watu walikuwa kwenye sherehe, hawakuipa uzito. Fundo lote la miaka kumi iliyofuata liko ndani ya sheria hiyo.

Swali lilikuwa hili: mtu wa Boston anaunganishwa na Uingereza na nini? London walijibu kwamba ni Mfalme akiwa ndani ya Bunge, kitu kimoja kisichogawanyika. Walowezi walijibu kwamba ni mfalme peke yake. Babu zao walivuka bahari na hati zilizotolewa na wafalme. Bunge halikuwatuma wala halikuwagharimia. Walitoa mfano wa Scotland kabla ya 1707, iliyokuwa na mfalme mmoja na Uingereza lakini bunge lake mbali. Kwa hoja hiyo Massachusetts ilikuwa na bunge lake, Virginia lake, Uingereza lake, na juu ya yote akakaa mfalme mmoja kama mti unaoshika matawi. Mwaka 1774 Thomas Jefferson, mlowezi wa Virginia, akiwa na miaka 31, alifika mbali zaidi. Alimtaka mfalme arudie kutumia uwezo wake wa kukataa miswada ya Bunge la Uingereza pale inapowaumiza watu wake wa ng'ambo.

Kwa masikio ya London ombi hilo lilikuwa la kutisha. Mfalme wa mwisho kukataa kuridhia mswada wa Bunge alikuwa Malkia Anne, mwaka 1708. Nyuma yake kulikuwa na karne nzima ya damu: Charles I alikatwa kichwa 1649 na James II alifukuzwa 1688, wote kwa sababu walitaka kutawala bila kujali Bunge. Ukoo wa George ulipewa kiti kwa sharti kwamba wafalme wa namna ile hawatarudi tena. Sasa hawa watu wa Amerika, kwa mapenzi kabisa, wanamwomba awe mfalme wa namna ile. George alikataa. Alijiona analinda haki za Bunge, na kwa katiba ya nchi yake alikuwa sahihi. Walowezi walikuwa wanampenda mfalme ambaye Uingereza haikuwa naye tena.

Naona hapa ndipo penye ukweli wa jambo zima, na ndipo vitabu vingi vya shule hupapita mbio. Pande mbili zilitumia neno moja, utii kwa taji, zikimaanisha mataji mawili tofauti.

Afrika imeliona jambo la aina hii. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru kwa hati iliyoiga maneno ya Azimio la Marekani, na mwishoni wakaandika "Mungu Mlinde Malkia". Walidai wanaikataa serikali ya London tu, si Malkia. Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza mwezi uliofuata kwa sababu Uingereza haikuchukua hatua za kuwaangusha. Kumwasi waziri huku unamwimbia mwenye taji ni jambo linalowezekana kabisa kwa mlowezi anayeamini taji ni mali yake.

Huko Amerika mwimbo huo uliendelea hata baada ya damu. Mapigano yalianza Lexington na Concord tarehe 19 Aprili 1775. Mwezi Juni, kwenye vita ya Bunker Hill, Waingereza zaidi ya 1,000 waliuawa au kujeruhiwa. Bado waasi hawakusema "jeshi la mfalme". Walisema "jeshi la mawaziri". Wiki tatu baada ya Bunker Hill, wajumbe wao mjini Philadelphia walitia saini ombi lililoandikwa na John Dickinson, wakimsihi mfalme aingilie kati baina yao na mawaziri wake. George hakukubali kulipokea. Tarehe 23 Agosti alitangaza kwamba makoloni yako katika uasi.

Kilichofuata kinaeleweka kwa kanuni moja ya zamani ya sheria ya Kiingereza, ambayo kila wakili wa makoloni aliijua: ulinzi huvuta utii, na utii huvuta ulinzi. Raia hamtii mfalme bure. Anamtii kwa sababu mfalme anamlinda, na ulinzi ukiondolewa, deni la utii nalo limekwisha. Soma matukio ya miezi ile kwa kanuni hii. Oktoba 1775 manowari za mfalme ziliuchoma moto mji wa Falmouth, ambao leo unaitwa Portland, Maine. Desemba, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku biashara yote ya makoloni na kuruhusu meli zao zikamatwe kama za adui, na mfalme akairidhia. Mwanzoni mwa 1776 serikali yake ilitia saini mikataba na watawala wadogo wa Ujerumani kukodi askari, ambao mwisho walifika kama 30,000. John Adams, mmoja wa wajumbe wale wa Philadelphia, aliposoma ile sheria ya meli, aliandika kwamba imeyatupa makoloni 13 nje ya ulinzi wa mfalme na kuyafanya huru licha ya maombi yao yote. Kwa Adams, mfalme ndiye aliyewataliki kwanza.

Katikati ya baridi hiyo, Januari 1776, kijitabu cha Thomas Paine kikatoka Philadelphia. Paine alikuwa Mwingereza aliyefika Amerika kama miezi 13 tu nyuma, na alithubutu kusema ambalo wazaliwa wa pale hawakuthubutu: shida si mawaziri wabaya, shida ni ufalme wenyewe. Kama angeliandika hayo 1770 wangelimpaka lami na kumbandika manyoya. Mwaka 1776 yaliwaingia kwa sababu moyo ulikuwa umeshavunjika.

Ndiyo maana Azimio la Uhuru limeandikwa namna ile. Malalamiko yake karibu yote yana mtendaji mmoja: amekataa, amevunja, amepora, amechoma. Bunge halitajwi hata mara moja kwa jina lake. Msomaji wa leo hushangaa, kwa kuwa kodi ziliwekwa na Bunge. Lakini walowezi walikwisha kusema kwamba Bunge halina kamba yoyote inayowafunga, na kamba isiyokuwepo haikatwi. Iliyobaki ilikuwa ya mfalme. Wakaikata, na kwa hasira ya mtu aliyepewa kisogo na aliyempenda, wakaenda kuangusha farasi wa dhahabu.

Si wote. Wanahistoria hukadiria kwamba kama mmoja kati ya Wazungu watano aliendelea kumtii mfalme. Utasikia mara nyingi kwamba John Adams alisema theluthi moja walikuwa waasi, theluthi watiifu na theluthi wasiojali. Barua inayonukuliwa, ya mwaka 1815, ilikuwa inazungumzia Wamarekani walivyoyatazama Mapinduzi ya Ufaransa. Hesabu hiyo iachwe.

Ni rahisi kudhani waliobaki na mfalme walikuwa matajiri na wenye vyeo. Wapo, ila picha imechafuka zaidi ya hapo. Katika mashamba makubwa ya kando ya mto Hudson, mwenye ardhi akiwa mwasi, wapangaji wake walielekea upande wa mfalme, kwa matumaini kwamba mfalme akishinda watapewa ardhi hiyo. Mwaka 1777 wapangaji wa ukoo wa Livingston walinyanyuka kwa ajili hiyo. Wachungaji wa Kanisa la Anglikana walikuwa wameapa kwa mfalme kama mkuu wa kanisa lao, na kuacha kumwombea kulikuwa kuvunja kiapo mbele ya Mungu. Na huko North Carolina, Februari 1776, Waskoti wa nyanda za juu walipigania George kwenye daraja la Moore's Creek wakashindwa. Miongoni mwa waliotekwa alikuwa Allan MacDonald, mume wa Flora MacDonald, mwanamke aliyemsaidia mwanamfalme wa ukoo wa Stuart, ukoo wa yule James II aliyefukuzwa, kutoroka mwaka 1746 baada ya jeshi lake kusagwa na majeshi ya George II. Watu walioonja kisasi cha taji hili hawakutaka kukionja tena.

Halafu kuna nyumba ya Franklin, ambayo kila nikiisoma inanigusa. William Franklin, mwana wa Benjamin aliyezaliwa nje ya ndoa, alilelewa na baba yake, akamsaidia katika jaribio la tiara na radi mwaka 1752, na kwa jina la baba yake akapata ugavana wa New Jersey akiwa kijana. Baba ndiye aliyemfundisha kulipenda taji. Kisha Januari 1774 Benjamin alisimamishwa mbele ya washauri wa mfalme London, akatukanwa hadharani kwa muda mrefu, na siku mbili baadaye akafukuzwa kazi yake ya posta. Alirudi Amerika mtu mwingine. William hakuwa na jeraha hilo. Alibaki pale baba alipomwacha.

Juni 1776 alikamatwa akapelekwa Connecticut, na mwaka 1777, baada ya kugundulika anagawa hati za msamaha za mfalme akiwa mfungwa, alitupwa jela ya Litchfield peke yake kwa miezi kadhaa. Ndiyo, Litchfield ileile ya risasi. Mkewe Elizabeth aliugua New York. William akaomba kwenda kumwona, George Washington mwenyewe, jemadari wa waasi, akamhurumia, baraza la waasi la Philadelphia likakataa, na Elizabeth akafa Julai mwaka huo. Benjamin, wakati ule balozi Ufaransa na mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote upande wa waasi, hakunyanyua mkono. Mwaka 1784 alimwandikia mwanawe kwamba hakuna kilichopata kumwumiza kama kuachwa uzeeni na mtoto wake wa kiume aliyebaki. Katika wosia alimwachia karibu patupu, akaeleza sababu: vita. Wote wawili waliamini wamekuwa waaminifu.

Sasa tuje kwa wale niliosema nitawarudia. Mwafrika aliyekuwa mtumwa Virginia alikuwa na kipimo chake cha kanuni ya ulinzi na utii: nani atanipa mwili wangu? Novemba 1775 gavana wa mfalme, Lord Dunmore, alitangaza kwamba watumwa wa waasi wanaoweza kubeba silaha, wakija upande wake, watakuwa huru. Dunmore mwenyewe alimiliki watumwa, na watumwa wa watiifu wa mfalme hawakuguswa na tangazo lake. Mamia walimkimbilia hata hivyo. Wahenga wetu walisema mtumikie kafiri upate mradi wako. Wamiliki wa Virginia waliokuwa bado wanasitasita waliona mfalme anawachukulia "mali" yao, na tangazo lile liliwasukuma wengi kwenye uasi kuliko stempu zilivyofanya. Uhuru wa hawa na uhuru wa wale ulikuwa unavutana kwenye kamba moja.

Wamohawk, kabila mojawapo la wenyeji wa Amerika, walichagua mfalme pia, wakiongozwa na Joseph Brant, kwa sababu tangazo la mfalme la 1763 ndilo pekee lililojaribu kuwazuia walowezi kuvuka milima na kuchukua ardhi. Walipigana, vijiji vyao na vya ndugu zao wa shirikisho la Iroquois vikachomwa na jeshi la Washington mwaka 1779, na mkataba wa amani wa 1783 ulipoandikwa, mfalme aliikabidhi Marekani ardhi yote hiyo bila kuwataja hata kwa neno moja. Ulinzi haukuja.

Vita ilipoisha, watiifu kama 60,000 waliondoka, wengi kwenda Nova Scotia na sehemu nyingine za Kanada, wakiwa na watumwa kama 15,000. Mei 1783 George Washington alikutana na jenerali wa Uingereza, Guy Carleton, akimtaka arudishe watumwa waliokimbilia kwa Waingereza. Carleton alikataa, akisema waliahidiwa uhuru kwa jina la mfalme. Makarani wake New York waliandika daftari la watu 3,000 weusi waliopanda meli. Ndani yake yumo Harry Washington, umri 43, mzaliwa wa Afrika Magharibi, aliyekuwa mtumwa wa Jenerali Washington na kumtoroka miaka saba nyuma.

Nova Scotia iliwapa mawe na baridi, na Wazungu watiifu wenzao wakawavamia mwaka 1784. Mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao, Harry akiwemo, walipakia meli 15 wakarudi Afrika, wakaanzisha mji wa Freetown chini ya Kampuni ya Sierra Leone. Waliahidiwa ardhi bila malipo. Kampuni ikaja kudai kodi ya ardhi. Waligoma miaka kadhaa, na Septemba 1800 baadhi yao wakatangaza sheria zao wenyewe. Askari wakaitwa. George Washington alikuwa amefariki Desemba iliyotangulia. Harry, mtu aliyemkimbia kumfuata mfalme, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuhamishiwa ng'ambo ya mto, pwani ya Bullom, kwa kosa la uasi. Ugomvi ulianzia kwenye kodi.